Unajifunzaje kitu kwa ndugu mgumu bila kugeuzwa jalala lake?

Binti wa Uru

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwenye jambo moja, na ningependa wenye uzoefu wa ushauri nasaha, usuluhishi na mirathi ndio waanze.

Kila ukigombana na ndugu unaambiwa "huyo Mungu amekuwekea ujifunze." Utaambiwa kanisani, utaambiwa kwenye kikoba, utasikia redioni. Anayekueleza unajifunzaje hayupo. Unakaa chini ufanye nini? Utajuaje kwamba alichosema ni somo na si tusi tu?

Hali yenyewe ni ya kawaida kwetu huku. Baba alishatangulia na mirathi haijafunguliwa. Kaka mkubwa anakaa kihambani (shamba la ukoo) Uru, anauza ndizi na kahawa, anamtunza mama. Dada yuko Arusha, mimi niko Moshi mjini. Tukikutana Desemba kaka huanza: "Wewe ni mtu wa kukimbia. Unakuja kula Krismasi, kazi zikianza umeshaondoka." Anayasema mbele ya watoto na wakwe. Nikijibu, nyumba inawaka moto. Nikinyamaza, usingizi unakata. Mwaka huu tumeitana kikao cha familia tarehe 27 Desemba, saa kumi jioni. Zimebaki wiki sita.

Nifanyeje nitoke na kitu cha kunijenga kwenye maneno kama hayo, bila kukubali kudhalilishwa? Na wiki hizi sita nizitumieje?

Mshauri wa Pasua

Dada, pole, na umeuliza vizuri, kwa sababu umeleta maneno yenyewe ya kaka. Wengi huleta hukumu: ana dharau, ana roho mbaya, hanipendi. Hukumu hata ukiikalia mwaka mzima haikupi pa kushika, lakini maneno yaliyotamkwa unaweza kuyapasua ukaona ndani kuna nini.

Nunua daftari dogo. Usiandike kwenye simu, maana yaliyo kwenye simu mwisho wake hupigwa picha na kutua kwenye grupu la familia. Kila tukio liandike ndani ya siku moja, ila subiri mikono iache kutetemeka kwanza. Andika alichosema neno kwa neno, kama ambavyo kinasa sauti kingekinasa. Andika kilichokuwa kikiendelea kabla hajasema. Andika wewe ulifanya nini, na hapo namaanisha kitendo: ulinyanyuka, ulicheka, ulimgeukia mama, ulishika simu. Andika ulikuwa unataka nini wakati ule. Kisha andika, baada ya yote, nani alipata nini.

Hilo la mwisho watu huliruka, na ndilo lenye mali. Chukua mfano: kaka anasema "unakimbia," wewe unanyanyuka unaenda jikoni, mazungumzo yanaishia hapo. Kaka amepata kutoulizwa hesabu za kahawa. Wewe umepata kutosikiliza habari za mama kuugua usiku. Wote wawili mmeondoka na kitu, ndiyo maana ugomvi uleule unarudi kila Desemba. Ukiona ulichokuwa unapata wewe, umeshaingia darasani.

Ukifikisha matukio sita hadi manane (weka na ya miaka ya nyuma unayoyakumbuka vizuri, pamoja na simu za wiki hizi), chukua peni ya rangi nyingine upigie mstari kinachojirudia upande wako. Upande wake usiuguse. Hapa ndipo daftari huharibika: mtu anaanza kukusanya ushahidi wa kumshtaki mwenzake, anapanga kulisoma kikaoni. Likifikia hapo, lifunge. Litakuongezea hasira tu.

Sasa, somo au tusi? Yapasue maneno yake vipande vitatu. "Mtu wa kukimbia" ni jina amekupa. "Unakuja Krismasi, unaondoka" ni madai ya tukio. "Kazi zikianza" ni ombi lililovaa nguo za lawama: anataka mtu wa kusaidiana naye.

Jina liache lipite, hakuna mtu anayeweza kurekebisha jina. Madai yapeleke kwenye kalenda. Mwaka huu umepanda Uru mara ngapi? Umelala usiku mingapi? Mama alipokwenda kliniki alisindikizwa na nani? Kalenda ikimuunga mkono kaka, basi umeambiwa kweli kwa mdomo mbaya, na kweli ni yako kuichukua. Kalenda ikimkataa, umepata jibu ambalo halihitaji kupandisha sauti. Ombi lijibu kwa kipimo: "Kliniki ya mama ya kila mwezi naichukua mimi, nauli na dawa." Hiyo inapimika. "Nitajitahidi kusaidia zaidi" haipimiki, na mwakani itakuwa silaha ya kukupigia.

Ukibaki na shaka, waulize watu wawili wasiofaidika na jibu, mmoja wa kazini na mmoja wa ukoo. Wasijuane. Swali liwe finyu: "Mazungumzo yakiwa magumu, unaniona nafanya nini?" Usiwaulize kama unakimbia, watakufariji tu. Kaka akisema hivi, mwenzako wa kazini akasema hivyohivyo, na shangazi akasema hivyohivyo, tabia hiyo ni yako hata kama kaka ndiye aliyeitaja vibaya kuliko wote.

Kuna zoezi jingine ambalo watu hawalipendi. Mwaka 1977 mwanasaikolojia wa Marekani, Lee Ross, alilipa jina kosa la kueleza tendo la mtu kwa tabia yake huku ukisahau mazingira yaliyombana. Kulipunguza kosa hilo, andika mambo matatu ya mazingira yanayoweza kumfanya mtu yeyote aongee kama kaka anavyoongea. Kwa mfano: anaamka peke yake usiku mama akiugua, Desemba wageni wanajaa, na mchele, kuni na maji vyote vinamtazama yeye, wageni hao ndio wanasifiwa kwa zawadi walizoleta. Kuandika hayo si kumpa haki ya kukutukana. Faida yake ni kwamba ukifika mbele yake utakuwa na swali la kweli la kumuuliza.

Halafu mama. Daktari wa magonjwa ya akili Murray Bowen, aliyefanya kazi na familia Marekani, alieleza kwamba watu wawili wakizidiwa na mvutano humvuta wa tatu ili uzito upungue. Kwenye familia zetu wa tatu ni mama, na siku hizi ni grupu la WhatsApp. Kaka analalamika kwa mama, mama anampigia dada Arusha, dada anakutumia wewe ujumbe wa sauti wa dakika nne. Wewe unajibu kwa dada. Wiki nzima mmeongea habari za kaka, kaka hayupo. Toka kwenye mzunguko huo kwa sentensi moja: "Mama, nimekusikia. Hili nitaongea na kaka mwenyewe Jumamosi." Kisha umpigie kweli Jumamosi. Usipompigia umeharibu zaidi ya ulivyokuta.

Baada ya hayo yote, chagua tendo moja la kubadilisha. Moja. Liwe linaonekana kwa macho, mfano: "Nikisikia neno linaloniuma, nabaki kwenye kiti na nauliza swali moja kabla sijajibu." Lifanyie mazoezi kwa watu wepesi kwanza: konda aliyekurudishia chenji pungufu, mteja mkorofi, jirani wa fremu ya pili. Wiki nne za watu wepesi, wiki ya tano piga simu fupi kwa kaka isiyo na ugomvi ndani yake, wiki ya sita ndiyo kikao. Anayeanzia kwa mtu mgumu kuliko wote siku ya kikao, mara nyingi hukata tamaa siku hiyohiyo.

Nesi wa Majengo

Naongezea upande wa mwili, kwa sababu mipango mizuri hufia hapo.

John Gottman, aliyechunguza wanandoa kwa miaka mingi akiwa Chuo Kikuu cha Washington, alionyesha kwamba mapigo ya moyo ya mtu aliyekaa kwenye mabishano yakipita kama 100 kwa dakika, uwezo wake wa kusikiliza unaanguka. Atakuwa anasubiri zamu ya kupiga tu. Kutulia nako kunachukua kama dakika 20, si mbili.

Jipime hivi: vidole viwili chini ya kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukihesabu 25 umefika 100. Jipime nyumbani ukiwa umetulia siku kadhaa ili ujue kawaida yako. Kwa mtu mzima huwa kati ya 60 na 100, kwa hiyo mwenye kawaida ya 90 asisubiri 100 ndipo ashtuke. Anayetumia dawa za presha za aina ya atenolol asitegemee kipimo hiki kabisa, dawa hizo hushusha mapigo. Aangalie taya kukaza, masikio kupata moto, sauti kupanda.

Ukifika hapo, omba mapumziko, na useme saa ya kurudi: "Natoka dakika ishirini, saa kumi na moja na nusu niko kwenye kiti." Ukitoka bila kutaja saa, dada yangu, utakuwa umefanya kilekile kaka anachokulaumu nacho. Nje usimpigie dada kumsimulia, wala usitunge majibu kichwani. Vyote hivyo vinaendelea kuuchemsha mwili. Tembea migombani, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, kama dakika tano, kisha angalia kitu kingine mpaka muda uishe.

Na niseme hili bila kuzunguka. Yote yaliyoandikwa hapa ni ya maneno makali kati ya watu wanaoogopana kidogo na kupendana kidogo. Kuna kipigo, kuna kutishiwa panga, mama ananyimwa dawa au chakula, mtoto anaguswa? Hapo usitafute somo. Nenda kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, omba PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) kama kuna jeraha ili utibiwe na majeraha yaandikwe. Kwa mtoto piga 116, ni bure. Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya halmashauri nayo ipo kwa ajili hiyo. Mafundisho ya uvumilivu yamewaweka watu wengi mno kwenye nyumba ambazo walitakiwa kutoka.

Msaidizi wa Kisheria, Sakina

Nakubaliana na waliotangulia, ila nusu ya mnachokiita tabia ya kaka ni karatasi ambazo hazipo. Baba amefariki, mirathi haijafunguliwa, mtu mmoja anauza mazao, mwingine anatuma hela kwa simu, hakuna anayeandika. Hata malaika wawili wangegombana.

Kinachotakiwa: cheti cha kifo cha RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini). Kikao cha familia chenye muhtasari wa maandishi unaotaja tarehe, mahali, waliohudhuria, warithi wote (wa nje ya ndoa nao), mali na madeni ya marehemu, na jina la anayependekezwa kusimamia mirathi, kila mtu akatia saini. Mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu hupelekwa mahakama ya mwanzo ya eneo alikoishi marehemu. Kama kuna wosia wa maandishi, au kuna ubishi sheria ipi itumike, muoneni mtaalamu kabla hamjalipia chochote, kwa sababu shauri lililofunguliwa mahakama isiyohusika hurudi mwanzo na ndugu wanakuwa wameshachoka.

Msimamizi akishateuliwa na mahakama ya mwanzo, ana miezi minne ya kuwasilisha Fomu Na. 5, yaani orodha ya mali na madeni, kisha hesabu kwenye Fomu Na. 6. Mahakama inaweza kumwongezea muda. Wengi hawalijui hili: msimamizi si mmiliki. Anakusanya, analipa madeni, anagawa, anatoa hesabu. Kaka akipendekezwa, asomewe wajibu huo mbele ya wote siku hiyohiyo.

Kwa mila yetu ya Kilimanjaro nyumba ya baba humwangukia mtoto wa kiume wa mwisho, mkubwa naye ana sehemu yake, na mabinti huambiwa watakula kwa waume zao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi ya kijiji, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Sikutajii ili ukaingie kikaoni na sheria mkononi kama fimbo. Nataka ujue unachodai kipo, usikidai kwa sauti ya mtu anayeomba msaada wala ya mtu anayepora.

Hapa sasa somo lako linaweza kuwa hili: kuomba hesabu bila kushtaki. Njia ninayoiamini ni kuanza na ya kwako. Omba taarifa ya miamala ya simu ya mwaka huu, jumlisha ulichotuma nyumbani, iandike kwenye karatasi moja, iweke mezani. Kisha: "Kaka, hii ni ya kwangu. Naomba na ya shamba tuione, na gharama zako zote ziwemo." Neno gharama ni muhimu. Mbolea, kibarua wa kupogoa kahawa, samadi, usafiri wa mikungu hadi sokoni, dawa za mama. Mara nyingi anayebaki nyumbani anajiona anadai, na wa mjini wanajiona wanadai, na kwa kuwa hakuna aliyeandika, wote wana haki ya kuamini hivyo. Kuanzia Januari liwepo daftari la shamba: tarehe, kilichouzwa, bei, kilichotumika, kilichobaki. Kila miezi mitatu mtu apige picha ukurasa na kuutuma kwa ndugu wote.

Mkishindwana kwenye ardhi, Baraza la Kata tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiye na uwezo wa kulipia wakili ana haki ya kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Hapo Moshi shirika la KWIECO hutoa huduma hiyo.

Msichanganye kikao cha mirathi na cha kupatana. Mkivichanganya, mtu atakubali kugawa vibaya ili asionekane mkorofi, na miaka miwili baadaye atafukua makaburi.

Mzee wa Machame Magharibi

Wanangu mmesema vizuri. Mimi naongelea kikao chenyewe, maana kikao kibaya kinaweza kuua hata watu walioiva.

Saa kumi jioni tarehe 27 ni saa mbaya. Mbege (pombe ya ndizi) imeshazunguka tangu mchana, wengine wana tiketi ya basi la asubuhi, mawazo yako kwenye mizigo. Fanyeni saa tatu asubuhi, baada ya chai, kabla kibuyu hakijaguswa. Saa mbili zinatosha. Ikizidi hapo watu hawafikiri tena, wanashindana kukaa.

Mwenyekiti asiwe mmoja wa wanaovutana. Baba mdogo, mjomba, au mzee wa ukoo ambaye hana shamba linalopakana na lenu. Wakwe na watoto wasiwepo saa ya kwanza. Si kwamba hawana heshima. Mwanaume aliyekosolewa mbele ya shemeji zake hajibu hoja, analinda uso. Kwa hiyo, binti, ukitaka kaka aache kukusema mbele ya watu, na wewe usimkosoe mbele ya watu, hata kwa jambo la haki. Mwambie ukiwa naye wawili, siku moja au mbili kabla: "Kaka, yale ya kuondoka mapema nataka tuyaongee mimi na wewe. Mbele ya watoto naomba tusiyaseme." Fupi hivyo. Usiongeze historia.

Ajenda zisizidi tatu na ziandikwe. Anayesema apewe dakika tano. Anayemfuata, kabla ya kujibu, arudie alichosikia mpaka mwenzake aseme "ndivyo." Inachosha, inachelewesha, na ndiyo inayosaidia kuliko yote niliyotaja. Jambo nje ya ajenda liandikwe pembeni, lisijadiliwe siku hiyo. Msiwakalishe wanaogombana uso kwa uso. Wakae pembe moja ya meza, wote wamtazame mwenyekiti.

Kuna wanaotaka kuanza na isale, jani la kuombea radhi. Kwa Wachagga jani la isale ni zito: linafungwa, linapelekwa na mtu wa kati kwa aliyekosewa, na kulikataa ni jambo la kuogopwa. Kwa sababu hiyohiyo lisitumike kumfunga mtu mdomo. Nimeona linaletwa kwa haraka ili anayedai hesabu aone aibu kuendelea kudai. Isale linaponya kosa la mtu kwa mtu, mgao wa shamba unabaki palepale. Hesabu kwanza, isale baadaye, na lipelekwe na aliyekosa kweli.

Anayeomba radhi ataje tendo: "Mama alipolazwa sikuja." Ataje lilichosababisha: "Ulikaa naye peke yako." Aseme atakachofanya. Aishie hapo. Akisema "kama nilikukosea" hajaomba radhi. Akitia "lakini," amefuta yote aliyosema kabla. Na asidai kusamehewa papo hapo. Mwenzake anaweza kuhitaji mwezi.

Binti wa Uru

Mzee shikamoo, na wote asanteni sana. Daftari nimeshaanza. Hilo la "nani alipata nini" limenikalisha kitako.

Nina mawili ya mwisho. Je, nikibadilika halafu kaka akazidisha? Na je, asipokuja kabisa siku ya kikao?

Mshauri wa Pasua

Anaweza kuzidisha. Lijue mapema. Mtu aliyezoea kwamba neno fulani linakuinua kwenye kiti, siku ukibaki umekaa atajaribu neno kubwa zaidi, labda atamtaja mumeo, labda atamtaja baba. Tabia inayokosa malipo iliyoyazoea inaweza kupanda kwanza kabla ya kushuka. Hatari iko hapa: ukivumilia mara nne na ya tano ukalipuka, umemfundisha kwamba inabidi asukume mara tano. Kwa hiyo chagua tendo dogo unaloweza kulifanya kila mara, hata ukiwa umechoka. Swali moja kabla ya jibu linawezekana. "Sitakasirika tena" haliwezekani.

Andaa sentensi mbili na uzitamke kwa sauti, siyo kichwani, mpaka ulimi uzizoee. Ya kwanza ni ya madai yenye ukweli: "Kweli, mwezi wa sita sikuja. Unataka nichukue lipi kati ya kazi za mama?" Ya pili ni ya tusi: "Hilo silijibu. Tuendelee na ajenda." Usichanganye. Ukilijibu tusi kwa maelezo, anapata mlango. Ukilifungia dai la kweli kana kwamba ni tusi, anakuwa na haki ya kukasirika.

Jipime kwa tendo lako. Baada ya kila mazungumzo weka alama kwenye daftari: nilibaki au sikubaki, niliuliza au sikuuliza. Mwezi wa tatu hesabu alama. Kaka kubadilika usiliweke kwenye hesabu hiyo, maana ukiliweka utaacha mazoezi siku atakayokuwa amelala vibaya.

Mzee wa Machame Magharibi

Marahaba mwanangu. Kuhusu kutokuja.

Mwaliko upelekwe siku 14 kabla, kwa maandishi, ajenda zikiwemo, na uulize kama ana la kuongeza. Usiupeleke wewe, mtume baba mdogo, akae anywe chai, amsikilize. Mtu anayetishia kutokuja mara nyingi anataka jambo moja liingizwe kwenye ajenda na hana pa kulisemea. Likiwa la haki, liingizeni.

Asipotokea, subirini nusu saa, kisha endeleeni na yasiyogusa sehemu yake: zamu za kliniki ya mama, michango ya mwaka, daftari la shamba. La mirathi liahirisheni hadi tarehe mtakayoitaja siku hiyohiyo, isizidi mwezi mmoja, maana msimamizi aliyependekezwa bila mtoto mkubwa kujulishwa atapingwa mahakamani na pingamizi litakula muda wenu. Akikosa na mara ya pili baada ya kuitwa kwa maandishi, andikeni kwenye muhtasari kwamba aliitwa lini na na nani, ndipo mwendelee na mirathi.

Muhtasari wa kikao cha kwanza apelekewe mkononi na baba mdogo, pamoja na tarehe ya kikao kijacho. Msiutume kwenye grupu kabla hajausoma yeye.